Kamera ya joto kwenye simu: inaweza kuokoa ngozi na nyama iliyopandikizwa katika hospitali zetu?

Kila mkaaji wa Beni, Butembo ao Goma anaikumbuka ile termoflashi. Toka tarehe 1 mwezi wa nane 2018, siku serikali ilipotangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ilipotangazwa kwamba ugonjwa umeisha, ilikuwa vigumu kuvuka kizuizi bila kunawa mikono na kuelekezewa kile kidude kwenye paji la uso. Sekunde moja, namba inatokea, unapita. Wengi walikiogopa, wengine walikitania. Ni wachache waliouliza namna kinavyopima joto bila kumgusa mtu.

Swali hilo sasa linawahusu watu wengine: waliopigwa risasi, walioungua kwa petroli, wanawake waliojeruhiwa vibaya, watoto waliopoteza sehemu ya uso. Katika nchi mbalimbali, waganga wa upasuaji wanaotengeneza upya mwili wanatumia kamera ndogo inayopachikwa kwenye simu, inayofanya kazi kwa kanuni ileile ya termoflashi. Inawaonyesha kama ngozi ao nyama waliyohamisha kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine bado inapata damu. Bei yake ni kati ya dola 200 na 500 hivi. Kwa hospitali ya Ulaya, pesa hizo ni kidogo sana. Kwa hospitali ya Bukavu, Goma ao Bunia bado zinahesabika, lakini zinaweza kupatikana.

Je, kifaa hiki kinatufaa? Tumechambua kinachoweza kufanya, kisichoweza, na mambo ambayo hospitali zetu zinapaswa kupanga kabla ya kukinunua.

Jeraha ambalo halifungi lenyewe

Upasuaji wa kutengeneza upya mwili ulikua kwa sababu ya vita. Mwaka 1917, katika mji wa Sidcup nchini Uingereza, munganga Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alianza kuhamisha ngozi ya kifua na ya paji la uso ili kuwarudishia nyuso askari waliokatwa taya na pua na vipande vya mabomu. Zaidi ya miaka mia imepita, na mashariki mwa Congo bado majeraha ya aina hiyo yanaingia hospitali kila juma.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano ya Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Komite ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR) inasaidia upasuaji wa majeruhi wa vita, ilipokea watu wengi kuliko vitanda vyake. Risasi ya bunduki ya kivita haitoboi tu. Inapasua nyama, inavunja mfupa na kuacha shimo ambalo uzi hauwezi kulifunga. Mfupa unabaki wazi. Ukibaki wazi siku nyingi, unaingiwa na vijidudu, na mwisho wake mara nyingi ni kukatwa mguu.

Vita si chanzo pekee. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, kule Sange, katika bonde la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengi waliopona walibaki na majeraha makubwa ya moto. Kila siku pia kuna watoto wanaoangukia sufuria ya maji moto ao makaa ya mbabula. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba kuungua kunaua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, na wengi wao wako katika nchi maskini. Tena kuna noma, ugonjwa unaokula shavu la mtoto mwenye njaa, ambao OMS iliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi wa kumi na mbili 2023. Na kuna kazi ambayo hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dokta Denis Mukwege, inajulikana nayo dunia nzima: kutengeneza upya miili ya wanawake waliobakwa.

Wagonjwa hao wote wanahitaji jambo moja. Nyama ao ngozi yao wenyewe ihamishwe, ifunike mahali palipoharibika, na iendelee kuishi pale.

Grefi na lambo

Waganga wetu, ambao wengi wamesoma kwa Kifaransa, wanatumia maneno mawili ambayo ndugu za wagonjwa huyachanganya: grefi na lambo.

Grefi ni ngozi nyembamba inayochunwa, mara nyingi kwenye paja, na kutandikwa juu ya jeraha lililosafishwa. Haina mshipa wake wa damu. Kwa siku mbili za kwanza inaishi kwa kunyonya majimaji ya jeraha lililo chini yake. Kisha mishipa midogo sana inaanza kuungana nayo, na karibu siku ya tano grefi nzuri imeshika na imegeuka kuwa ya rangi ya waridi. Ikisukumwa, ao damu ikijikusanya chini yake, ao usaha ukiingia, haishiki.

Lambo ni kipande kinene zaidi: ngozi pamoja na mafuta, na pengine nyama, kinachohamishwa pamoja na mishipa yake. Kuna lambo linalobaki limeshikilia mwili kwa upande mmoja, kama mlango unaozunguka kwenye bawaba zake. Damu inapita kwenye hiyo sehemu iliyobaki. Na kuna lambo huru, linalokatwa kabisa na kushonwa mahali pengine, mshipa kwa mshipa, chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mishipa hiyo ina upana wa milimita 1 hadi 3.

Lambo huru linahitaji darubini, vifaa vya pekee, waganga waliofundishwa miaka mingi na masaa mengi ya usingizi wa dawa. Hospitali zetu nyingi hazina hayo yote. Zinachofanya zaidi ni grefi na lambo linaloshikilia mwili. Tofauti hii ina maana kubwa kwa swali letu, kwa sababu tafiti nyingi kuhusu kamera ya joto zimefanywa kwa lambo huru katika hospitali tajiri.

Siku tatu za hatari

Lambo linakufa kwa njia mbili. Ya kwanza, damu haiingii: mshipa unaoleta damu umeziba ao umejikunja. Lambo linapauka na kupoa. Ya pili, ambayo hutokea mara nyingi zaidi, damu inaingia lakini haitoki: mshipa unaorudisha damu umebanwa. Lambo linavimba, linageuka bluu na kuwa jeusi, na ukilichoma kwa sindano inatoka damu nyeusi.

Sehemu kubwa ya matatizo hayo hutokea katika siku mbili ao tatu za kwanza. Yakigunduliwa mapema, lambo linaweza kuokolewa. Yakigunduliwa asubuhi wakati yalianza saa nne za usiku, mara nyingi kipande kimeshakufa. Nyama haivumilii kukosa damu zaidi ya masaa machache. Katika hospitali zenye uzoefu, chini ya lambo huru 5 kwa 100 hupotea kabisa, na sababu moja ya mafanikio hayo ni kwamba muuguzi anapita kila saa, usiku na mchana, kulitazama.

Anatazama nini? Rangi. Anagusa kwa mgongo wa mkono kama kuna joto. Anabonyeza kwa kidole na kuhesabu sekunde hadi rangi irudi. Hiyo ndiyo njia ya zamani, na bado ndiyo ya kwanza. Haigharimu kitu.

Lakini ina udhaifu ambao sisi ndio tunaoujua zaidi. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. “Limepauka”, “limekuwa bluu”, “rangi imerudi baada ya sekunde mbili”: mambo hayo yanaonekana vizuri kwenye ngozi ya Mzungu. Kwenye ngozi nyeusi, usiku, chini ya balbu moja, hata muuguzi mwenye uzoefu anaweza kupitwa.

Tatizo hilo linajulikana pia katika vifaa vingine. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kile kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu kilikosea kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu kuliko kwa Wazungu. Kilionyesha kwamba oksijeni inatosha wakati haitoshi. Kifaa hicho kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inauingilia.

Kamera ya joto haipitishi mwanga wowote kwenye ngozi. Hapo ndipo faida yake kwetu inapoanzia.

Inavyofanya kazi

Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi ambayo jicho halioni. William Herschel aliigundua mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua na kukuta joto linazidi kupanda. Mwili wa binadamu unaitoa mchana na usiku. Ngozi, iwe nyeupe ao nyeusi, inatoa mionzi hiyo karibu sawa. Kwa jambo hilo, Mzungu na Mwafrika wako sawa mbele ya kamera.

Termoflashi inasoma sehemu moja tu na kutoa namba moja. Kamera ya joto inasoma maelfu ya sehemu kwa mara moja na kuzigeuza picha: penye joto panaonekana pa njano ao peupe, penye baridi pa zambarau ao peusi. Kwa kuwa damu ndiyo inayobeba joto hadi kwenye ngozi, mahali ambapo damu haifiki panapoa. Lambo linalokosa damu linaonekana kama doa la giza katikati ya mwili wenye joto.

Zamani kamera hizo ziligharimu maelfu ya dola. Mwaka 2014 kampuni ya Marekani FLIR ilianza kuuza kifaa kidogo cha kupachika kwenye simu, FLIR ONE, na baadaye kampuni nyingine, zikiwemo za China, zikaleta vya kwao. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya mafundi umeme wanaotafuta waya unaochemka ao mafundi wa nyumba wanaotafuta bomba linalovuja. Waganga ndio walioviingiza hospitali.

Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, Louis de Weerd na wenzake walikuwa wamefanya kazi na kamera kubwa za joto kabla ya hapo, hasa kwa wanawake wanaotengenezewa titi kwa nyama ya tumbo baada ya kansa. Njia yao ni rahisi kuielewa. Wanapoza ngozi kidogo, kisha wanatazama namna inavyopata joto tena. Sehemu zinazopata joto haraka ndizo zenye mshipa mzuri chini yake. Kabla ya upasuaji, picha hiyo inamwonyesha munganga mahali pa kukata. Baada ya kushona mishipa, inamwonyesha kama damu imeanza kupita. Na katika siku zinazofuata, inamwonyesha kama bado inapita.

Kwetu, matumizi ya kabla ya upasuaji huenda yakafaa sana. Katika nchi tajiri mgonjwa anapigwa skana yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Skana ni chache hapa kwetu, ni ghali, na mgonjwa wa ndani ya Walikale ao Shabunda hafiki kwa urahisi mahali ilipo.

Picha nzuri inayoweza kudanganya

Mtu anayeona picha ya kamera ya joto kwa mara ya kwanza anaiamini mara moja, sababu ni nzuri na rangi zake zinang’aa. Hapo kuna hatari tano ambazo kila hospitali inayotaka kununua kifaa hiki lazima izijue.

Ya kwanza ni namba. Kamera za bei nafuu zinaweza kukosea joto halisi kwa digrii 3 hivi, kupanda ao kushuka. Ukisoma kwamba lambo lina digrii 32, huenda lina 30 ao 34. Lakini kamera hiyohiyo inaona vizuri tofauti ndogo kati ya sehemu mbili ndani ya picha moja. Kwa hiyo muuguzi asiamini namba moja peke yake. Alinganishe lambo na ngozi nzima iliyo jirani, katika picha ileile. Waganga wengi huanza kushituka tofauti inapokaribia digrii 2, hasa kama saa iliyopita haikuwepo.

Ya pili ni rangi. Kamera nyingi zinajipangia rangi zenyewe kufuatana na kilichomo kwenye picha. Mtu akiingiza mkono wake wenye joto ao chupa ya seromu yenye baridi kwenye picha, rangi zote zinabadilika, na lambo lililokuwa la njano linageuka zambarau bila lenyewe kubadilika. Lazima kipimo cha rangi kifungwe kwenye kiwango kimoja, na picha zote zipigwe kwa umbali uleule.

Ya tatu ni damu isiyotoka. Lambo ambalo mshipa wake wa kurudisha damu umebanwa linaweza kubaki na joto kwa muda, kwa sababu damu bado inaingia. Na hilo ndilo tatizo linalotokea zaidi. Muuguzi akiitegemea kamera peke yake, anaweza kuona picha nzuri juu ya kipande kinachovimba na kuelekea kufa. Kubonyeza kwa kidole na kutazama uvimbe kunabaki palepale.

Ya nne ni kile kisichoonekana. Kamera inasoma juu ya ngozi tu. Haioni chini ya bandeji, na grefi kwa kawaida inafungwa bandeji siku kadhaa za mwanzo. Haioni nyama iliyozikwa ndani ya mdomo ao ndani ya tumbo. Ngozi iliyopakwa pomada ao iliyolowa inatoa picha ya uongo.

Ya tano ni chumba chenyewe. Usiku wa Butembo si sawa na mchana wa Uvira. Mgonjwa aliyefunuliwa karibu na dirisha lililo wazi ngozi yake inapoa, na lambo linapoa zaidi, kwa sababu halijapata tena mishipa ya fahamu inayosimamia joto. Mgonjwa mwenye homa ya malaria anapanda mwili mzima. Kwa hiyo kila picha lazima iandikiwe saa, joto la chumba na joto la mgonjwa.

Kisha nani anaitwa?

Hapa ndipo tunafika kwenye swali gumu, ambalo wauzaji wa vifaa hawaliulizi. Tuseme ni saa saba za usiku. Muuguzi anapiga picha, anaona doa la giza ambalo saa sita halikuwepo. Kisha anafanya nini?

Katika hospitali ya Tromsø anapiga simu, na baada ya muda mfupi mgonjwa yuko tena kwenye meza ya upasuaji. Katika miji yetu, munganga wa upasuaji anaweza kuwa upande wa pili wa mji ambako hakuna anayetembea usiku. Yule wa kulaza mgonjwa usingizi ni mmoja kwa hospitali nzima. Umeme umekatika na mazuti ya jenereta yanahesabiwa kwa lita. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila wakaaji 100,000. Nchi yetu iko mbali sana chini ya hapo. Kamera haiongezi hata mtaalamu mmoja.

Mtu anaweza kusema basi tusipoteze pesa. Tunafikiri hoja hiyo haikamiliki, kwa sababu inachanganya lambo huru na lambo linaloshikilia mwili. Lambo huru likiziba, lazima kurudi chini ya darubini. Lambo linaloshikilia mwili mara nyingi linaumwa kwa sababu ndogo zaidi: bandeji imekaza, mgonjwa amelilalia, limejikunja kwenye shina lake, uzi mmoja umebana, damu imejikusanya chini. Bandeji inaweza kulegezwa palepale. Mgonjwa anaweza kugeuzwa, mguu ukainuliwa juu ya mto. Kwa ruhusa ya munganga kwa simu, nyuzi mbili zinaweza kukatwa kitandani, na damu iliyoganda ikatolewa. Mambo hayo hayahitaji jenereta.

Kwa maneno mengine, aina ya upasuaji tunayofanya zaidi ndiyo ambayo onyo la mapema linaweza kufuatwa na tendo hata usiku, hata bila chumba cha upasuaji. Na picha inaweza kutumwa. Munganga aliye nyumbani hawezi kugusa lambo kwa WhatsApp, lakini anaweza kuona picha tatu zilizopigwa saa nne, saa sita na saa saba, na kuamua kama atahatarisha safari ya usiku ao ataongoza kazi kwa simu. Leo anaamua kwa maneno tu: “Dokta, naona kama limepoa kidogo.”

Picha hizo zinataka nidhamu. Mwanamke aliyetengenezwa sehemu zake za siri hakukubali mwili wake uzunguke kwenye simu za watu. Simu ya kazi ibaki servisini, iwe na neno la siri, picha isionyeshe uso, jina liwe namba ya faili, na mgonjwa aombwe ruhusa kwa lugha anayoisikia.

Kifaa cha vita mikononi mwa munganga

Kuna jambo jingine ambalo makala za kisayansi hazisemi, kwa sababu waandishi wao hawapiti vizuizi vya barabarani. Kamera ya joto ni kifaa cha kijeshi pia. Inatumiwa kuona adui gizani, na droni zinaibeba. Marekani inadhibiti uuzaji wake nje ya nchi. Ndiyo sababu kamera nyingi za bei nafuu zinaonyesha picha chini ya 9 kwa sekunde, ili zisiingie katika kundi linalodhibitiwa zaidi.

Mashariki mwa Congo, ambako mkaaji anaweza kusumbuliwa kwa sababu ya picha moja kwenye simu, muuguzi anayekutwa na kidude kinachoona watu gizani anaweza kuingia matatani na wenye silaha wa upande wowote. Hospitali isikitume kwa mtu binafsi. Kiingie na karatasi za forodha na za idara ya afya, kiandikwe mali ya hospitali, kibaki ndani ya kuta zake. Baada ya uwanja wa ndege wa Goma kufungwa mwezi wa kwanza 2025, kusafirisha hata dawa kumekuwa kazi ngumu. Kifaa kikiharibika, fundi wa kukitengeneza haonekani karibu. Bora kununua viwili vya bei ndogo kuliko kimoja cha bei kubwa.

Cha kufanya kwanza

Kwa maoni yetu, hospitali isianze kwa kununua. Ianze kwa karatasi. Kila lambo liwe na fishi yake kitandani: saa, rangi, joto kwa mkono, sekunde za kurudi kwa rangi, uvimbe, jina la aliyetazama. Kila saa siku ya kwanza, kila masaa mawili ao matatu siku ya pili na ya tatu. Hospitali ambayo haiwezi kushika fishi hiyo kwa miezi mitatu, kamera haitaisaidia. Itakaa ndani ya kabati ya mkurugenzi pamoja na mashine nyingine zilizopokelewa kwa picha na makofi.

Hospitali inayoweza kuishika, kama zile kubwa za Bukavu na Goma zenye uzoefu wa miaka mingi wa majeraha ya vita na fistula, inaweza kuongeza kamera kwenye fishi hiyo na kulinganisha: mara ngapi kamera iliona kabla ya mkono, mara ngapi ilidanganya, na mara ngapi onyo lilifuatwa na tendo. Hesabu hiyo haijulikani vizuri kwa ngozi nyeusi na kwa lambo linaloshikilia mwili. Vyuo vyetu vya tiba vinaweza kuifanya bila kungoja Ulaya. Kwa huzuni, sisi ndio tulio na wagonjwa.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kila mara kuna mapigano, viongozi wanatembelea majeruhi, wanapiga picha kando ya vitanda na kuahidi kulipa matunzo. Matunzo hayaishi siku risasi inapotolewa. Mguu unaokatwa kwa sababu lambo lilikufa usiku bila mtu kuona unamgeuza mkulima wa Masisi kuwa mwombaji katika mji, pamoja na watoto wake. Gharama hiyo haiandikwi kwenye bajeti yoyote, lakini familia inailipa kila mwezi.

Kwa ndugu anayelala kando ya mgonjwa, kwa sababu katika hospitali zetu ndugu ndiye mlinzi wa usiku, kuna jambo moja la kujua leo, kabla kamera yoyote haijafika. Kama ndugu yako ametoka kuwekewa lambo, omba muuguzi akuonyeshe namna lilivyo likiwa zuri: joto lake, ulaini wake, rangi yake mchana. Usilifungue wala usilibonyeze wewe mwenyewe. Angalia tu asililalie. Na ukiona limevimba, limekaza, limepoa ao limegeuka rangi, nenda ukamwamshe muuguzi saa ileile, hata kama ni saa tisa za usiku na unaona haya kumsumbua. Usingoje kupambazuke.